Baisikeli na Motokaa: Habari za Magurudumu Mawili, tangu Njia za Meru hata Miji Mikuu ya Ulaya

Mtu akisimama kando ya barabara kuu pale Makumira, katika siku ya soko la Tengeru, huona magurudumu ya kila namna yakipita. Hupita malori yatokayo pwani, hupita mabasi, hupita pikipiki zenye abiria wawili na mizigo yao. Na pembeni kabisa, penye changarawe, hupita mtu mmoja juu ya baisikeli, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma kwa mpira. Watu wengi humtazama huyu wa mwisho kama mtu aliyeachwa nyuma na ulimwengu. Husema: akipata fedha atanunua pikipiki, na akizidi kupata atanunua motokaa. Ndivyo tufikirivyo wengi wetu, ya kwamba baisikeli ni ngazi ya chini, motokaa ni ngazi ya juu, na maendeleo ni kupanda kutoka hii kwenda ile.

Lakini habari za miaka hii kutoka miji mikuu ya ulimwengu zapinga fikira hiyo. Mwaka wa 2024 ulitolewa uchunguzi wa safari za watu wa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Katika kila safari 100 zilizofanywa ndani ya mji wenyewe, kadiri ya 11 zilifanywa kwa baisikeli, na kwa motokaa 4 tu. Na katikati ya London, katika mtaa wa mabenki ambao watu wake ni matajiri kuliko tunavyoweza kuwaza, hesabu ya mwaka wa 2022 ilionyesha ya kuwa saa za kwenda na kurudi kazini, vyombo 40 katika kila 100 vilivyopita njiani vilikuwa baisikeli. Basi, imekuwaje watu wenye uwezo wa kununua motokaa waiache nyumbani na kupanda chombo ambacho sisi twakiona cha maskini? Ili tupate jibu, yafaa tukifuate kisa cha chombo hiki tangu mwanzo wake, na jinsi kilivyofika kwetu.

Mwaka wa 1817 Mjerumani mmoja, jina lake Karl von Drais, alitokea katika mji wa Mannheim juu ya chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na kanyagio. Mpandaji alijisukuma kwa kupiga miguu chini. Watu wakamcheka. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakatia kanyagio katika gurudumu la mbele, na baadaye Waingereza wakalikuza gurudumu lile hata likakaribia kimo cha mtu, na aliyeanguka alianguka kwa kichwa. Ikawa ni chombo cha vijana wenye mali wasioogopa kuvunjika shingo. Ndipo mwaka wa 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, akatoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Na sura ile haijabadilika sana mpaka leo. Na mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, akatengeneza tairi lenye upepo, kwa sababu alitaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko.

Mambo hayo mawili, yaani mnyororo na tairi la upepo, yaliibadili baisikeli kutoka mchezo ikawa kazi. Bei ilishuka mwaka kwa mwaka, hata mfanyakazi wa kiwandani akaweza kununua. Wanawake wa Ulaya na Marekani, ambao hapo kwanza hawakuweza kutoka pasipo kuchukuliwa na mtu, wakaanza kwenda peke yao. Tena wapanda baisikeli ndio walioanza kulilia barabara nzuri. Huko Marekani chama chao kilianzishwa mwaka wa 1880, kabla motokaa haijaonekana, nacho kikazidi kuisumbua serikali juu ya matope na mashimo. Hata motokaa ya kwanza ya Karl Benz, iliyoandikishwa mwaka wa 1886, ilikwenda kwa magurudumu ya namna ya baisikeli. Kwa hiyo tukisema kweli, baisikeli ndiyo iliyomlea mtoto, na mtoto alipokua alimfukuza mlezi wake njiani.

Wala tusisahau ya kuwa furaha ile ya Ulaya ililipiwa na watu wa Afrika. Matairi yalitaka mpira, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu 1885 hata 1908, watu walilazimishwa kwenda mwituni kugema mpira. Aliyepungukiwa na kipimo alipigwa, alifungwa, au aliuawa. Habari za ukatili ule zilipoenea ulimwenguni, mfalme alinyang'anywa nchi ile. Haya ni sehemu ya historia ya gurudumu, nayo haifai kufichwa.

Sasa tuje kwetu Meru. Zamani zile ambapo Wazungu walikuwa wakishindana kwa baisikeli huko kwao, njia zetu zilikuwa njia za miguu, zikikata mito ishukayo mlimani, kama Themi, Nduruma na Tengeru. Wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri mwezi wa Oktoba 1896, walifika kwa miguu kutoka Kilimanjaro. Hata misheni ilipoanzishwa Nkoaranga mwaka wa 1902, kila msumari na kila kitabu kilipanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini, wakapewa mashamba kandokando ya Meru baada ya 1904, walileta magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Hayo ndiyo magurudumu ambayo wazee wengi wa nchi hii waliyaona kwanza.

Motokaa ilijaribiwa mapema. Tarehe 10 Agosti 1907 askari mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akinuia kuvuka bara la Afrika mpaka upande wa magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Mtu wa miguu angaliweza kufika mapema kuliko yeye! Motokaa yake ilikwama matopeni na mchangani, ikavutwa na watu na wanyama, na petroli yake ililazimu kutangulizwa njiani mbele yake. Jambo hili lina fundisho: motokaa haiendi kwa nguvu zake tu. Huenda kwa barabara, kwa daraja, kwa mafuta, na kwa fedha za watu wote, hata za wale wasioipanda.

Vita vya 1914 hata 1918 vilionyesha vivyo hivyo kwa uchungu. Majeshi yalikuwa na mizinga na motokaa, lakini mvua iliponyesha kila kitu kilirudi kichwani mwa mpagazi. Waliochukuliwa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa wapata milioni moja, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu ni zaidi ya 90,000. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao. Watu wa kizazi kile walijua vema uzito wa mzigo usio na gurudumu.

Baada ya vita gari la moshi, ambalo lilikuwa limefika Moshi kutoka Tanga mwaka wa 1911, liliendelezwa mpaka Arusha mwaka wa 1929. Pamoja na reli zikaja bidhaa za dukani, na miongoni mwao baisikeli za Kiingereza, nzito, nyeusi, zenye kiti cha ngozi; zilizosifiwa sana ni za Raleigh, zilizotengenezwa Nottingham. Waliozinunua kwanza ni wenye mshahara: makarani, waalimu, matabibu wasaidizi, na wainjilisti, kisha wakulima waliopata fedha ya kahawa. Usidhani baisikeli ilikuwa chombo cha maskini siku zile. Ilikuwa alama ya mtu aliyesoma na kuaminiwa. Iliwekwa ndani ya nyumba usiku, ikapakwa mafuta Jumamosi, na mwenye kuazimwa alijiona amepewa heshima. Mwinjilisti aliyezoea kufika kijiji kimoja kwa siku aliweza kufika vitatu. Barua, dawa na habari za msiba zilienda upesi. Chini ya miti, penye njia panda, akatokea fundi wa namna mpya, mwenye pampu, viraka na beseni la maji la kutafutia tundu.

Baisikeli ilikuwa na sheria zake pia. Ilipasa iwe na breki na kengele, na taa usiku. Na katika miji mingi mwenyewe alitozwa ada kila mwaka na kupewa kibati cha kufunga. Tufikiri jambo hili. Barabara ya lami ilitengenezwa kwa ajili ya motokaa za wachache, lakini mwenye baisikeli na mwenye miguu walilipa kodi vilevile. Desturi ya kudhani kwamba njia ni mali ya motokaa haikuanza jana. Ilizaliwa pamoja na njia yenyewe.

Baada ya uhuru wa 1961 baisikeli zikazidi kuenea vijijini. Zile za Kichina ziitwazo Phoenix zilijulikana kila mkoa kwa nguvu zake, na nchi yetu ikatengeneza baisikeli zake yenyewe, zilizoitwa Swala. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafula ulimwenguni kote, na nchi zisizo na visima zikaumia sana. Watu wazima wanakumbuka ya kuwa, katika miaka ile ya shida, serikali ilikataza motokaa za watu binafsi zisitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana. Njia zilinyamaza. Lakini kwetu ukimya ule ulihesabiwa kuwa ni alama ya umaskini. Hakuna aliyeona ya kwamba ndani yake mlikuwa na shauri. Tutaona sasa hivi ya kuwa watu wengine waliliona.

Mlango wa biashara ulipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, motokaa kuukuu zikamiminika, nyingi kutoka Japani. Njia ya Arusha mpaka Usa River ikajaa motokaa ndogo za abiria, zile watu wa huku walizoziita vifodi. Kisha zikaja pikipiki, na mwaka wa 2010 serikali ikatoa kanuni za kuziruhusu zichukue abiria kwa nauli. Hata jina lao la bodaboda lilirithiwa kwa baisikeli: lilianza katika miaka ya 1960 kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walichukua watu kwa baisikeli kutoka mpaka hata mpaka. Mahali pengine baisikeli haikukubali kufa. Shinyanga imejulikana kwa baisikeli za abiria. Kisangani katika Kongo vivyo hivyo. Na huko Goma watu wameunda chukudu, chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kibebacho mizigo mizito ya viazi na mkaa. Aliyefuata kisa hiki atatambua ya kuwa chukudu ni ndugu yake chombo cha Drais.

Basi turudi kwa wale wa Ulaya. Wengi hudhani ya kuwa Waholanzi hupanda baisikeli kwa sababu nchi yao ni tambarare na ndiyo mila yao. Ni kweli kwa nusu. Walikuwa nazo nyingi tangu zamani, lakini baada ya vita vya pili walizidi kupata mali, wakanunua motokaa, wakabomoa nyumba ili kupanua barabara, na baisikeli zikapungua mwaka kwa mwaka. Malipo yake yalikuwa damu. Mwaka wa 1971 peke yake watu wapata 3,300 waliuawa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, ambaye binti yake mdogo aliuawa alipokuwa akienda shule, aliandika mwaka wa 1972 akiwaita wazazi wakomeshe mauaji ya watoto. Mama na baba wakatoka, wakaketi barabarani, wakaziba njia. Mwaka uliofuata shida ya mafuta ikaja, na serikali yao pia ikakataza motokaa siku za Jumapili. Watoto wakacheza katika barabara kuu, na watu wazima wakaona kwa macho mji usio na hofu ulivyo. Shida ilipokwisha hawakusahau. Wakaanza kutenga njia za baisikeli, zilizogawanywa na motokaa kwa ukingo, mji baada ya mji, miaka hamsini sasa.

London walifika kwa njia nyingine. Mji ule ulisongwa na motokaa hata mwendo wake ukafanana na wa magari ya farasi. Tarehe 17 Februari 2003 ukaanza kutoza ada, paundi 5 kwa siku, kwa kila motokaa iingiayo katikati ya mji. Baadaye ukaondoa sehemu ya barabara zilizokuwa za motokaa, ukajenga njia pana za baisikeli zenye ukingo. Paris nao wakafanya vivyo hivyo, wakafunga hata barabara ya kando ya mto. Wapo waliokasirika, na wenye maduka walisema watafilisika. Lakini hesabu ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya: mahali pa kuegesha motokaa moja hutosha baisikeli kama 10, na motokaa nyingi za mjini huchukua mtu mmoja tu. Mji ukijaa, asiyebanwa na kiasi cha nafasi ndiye afikaye.

Hapo tumepata jibu la swali letu. Watu wale hawakuiacha motokaa kwa kuwa wamekuwa maskini, wala si kwa mapenzi ya mazoezi tu. Waliiacha kwa sababu miji yao iliigawa njia upya, hata mama aliye na mtoto akaweza kupanda pasipo kuogopa. Baisikeli haishindwi na motokaa kwa sababu ni dhaifu. Hushindwa kwa sababu haikupewa mahali.

Katika Afrika ya Mashariki miji imechagua njia mbalimbali. Mwezi wa Machi 2022 wakubwa wa Burundi walikataza baisikeli, pikipiki na bajaji zisiingie katikati ya Bujumbura, na watu wengi waliokuwa wakila kwa kazi ile wakalazimika kutembea au kukaa. Kigali katika Rwanda ilianzisha mwaka wa 2016 siku ya kufunga barabara kadhaa kwa motokaa, ili watu watembee, wakimbie na kupanda baisikeli. Dar es Salaam wapanda baisikeli wameungana katika chama kiitwacho UWABA, wakidai njia zao. Na kwetu Arusha barabara ya kutoka Sakina mpaka Tengeru, kadiri ya kilomita 14, imepanuliwa ikawa ya njia nne. Imepunguza msongamano, nasi twashukuru. Lakini aendaye kwa gurudumu la miguu ajua ya kuwa kila barabara inapopanuliwa motokaa huongeza mwendo, na kuivuka huwa kama kuvuka mto uliofurika.

Huenda msomaji akasema: kwetu ni mlima. Ni kweli. Kutoka Arusha kuja Makumira mtu huteremka, na kurudi hutoa jasho. Tena kuna jua, na masika kuna matope. Wala hakuna mwenye akili atakayesema mgonjwa au mama aliyeshikwa na uchungu apelekwe hospitali kwa baisikeli ikiwa motokaa ipo. Motokaa ina kazi yake. Lakini safari zetu zilizo nyingi ni fupi: shuleni, kisimani, dukani, kanisani, sokoni. Kwa safari hizo baisikeli haitaki petroli, haipigi kelele, na fundi wake yu karibu. Akili za mafundi hao tusizidharau. Bernard Kiwia, fundi baisikeli wa Arusha, alijulikana nchi za mbali kwa kubuni vyombo viendeshwavyo kwa kanyagio, mathalan pampu ya maji na chombo cha kutia umeme katika simu. Naye pamoja na wenzake wakafungua karakana iitwayo Twende, ambamo vijana hufundishwa kubuni kwa mikono yao.

Jambo lililo zito kuliko yote ni uhai. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka wa 2023 ya kuwa ajali za barabarani huua watu wapata 1,190,000 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembeao kwa miguu, wapandao baisikeli na wapandao pikipiki. Maana yake ni kwamba wanaokufa zaidi ni wale wasio na ngozi ya chuma. Kijiji chochote kilicho kando ya barabara kuu hakihitaji kufundishwa habari hiyo na kitabu.

Basi, ndugu wasomaji, yako mambo tuwezayo. Barabara inapotaka kutengenezwa, wakubwa huja kuuliza wananchi. Siku hiyo tusiseme habari za fidia ya mashamba tu, bali tudai pia njia ya pembeni kwa watoto wa shule na wenye baisikeli, yenye ukingo, wala si mstari wa rangi peke yake. Mwenye baisikeli naye atie taa na kengele, wala asipite upande usio wake. Na binti zetu tuwafundishe kupanda. Tangu baisikeli ilipofika Meru imekuwa chombo cha wanaume, na mama ameendelea kubeba ndizi kichwani kando ya mume apitaye juu ya magurudumu. Hilo halikuletwa na umaskini, ni desturi tu, na desturi hubadilishwa na wenyewe.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Ulaya waliuacha mbachao wao, wakalipa kwa watoto wao, kisha wakarudi kuutafuta kwa gharama kubwa. Sisi bado tunao. Mikononi mwa mafundi wetu na migongoni mwa keria zetu bado upo. Uliobaki ni kuupatia mahali pa kutandikwa.